Miezi sita na kauntabuku Bugarika: pesa haikuliwa na taa, ililiwa na moto na baridi (uzi mrefu)

#1 Baba Majabali (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite aje wikendi.

Nakaa Bugarika hapa Mwanza, juu kabisa, kule ambako bodaboda anakushusha chini anakwambia "bosi, mwisho hapa", halafu unamalizia ngazi za mawe kwa miguu. Nyumba ina watu sita: mimi, mama watoto, watoto watatu na mdogo wangu anayesoma chuo. Wasioijua Mwanza ya milimani wajue tu kwamba huku kila kitu kinalipiwa mara mbili. Gunia la mkaa lina bei yake na mbebaji ana bei yake. Dumu la maji bombani ni bei moja, likifika mlangoni ni nyingine. Kwa hiyo nisijipe sifa, sikuanza haya kwa uchungu wa mazingira. Nilianza siku mbebaji alipopandisha kutoka 2,000 hadi 3,000, tukagombana, akaliacha gunia katikati ya ngazi.

Mwezi wa sita nikanunua kauntabuku, nikaandika kila shilingi inayoingia kwenye moto, umeme na maji. Mama watoto alicheka siku tatu, ya nne akaanza kuandika na yeye. Juni ilikuwa hivi: mkaa gunia moja pamoja na kupandisha, 78,000. Gesi mtungi mdogo wa kilo 6, 24,000. Luku 45,000. Maji, ankara pamoja na madumu ya siku ambazo bomba linakoroma, 31,000. Jumla 178,000, na hapo bado hatujala.

Kila mtu alikuwa na mchawi wake. Mama watoto alisema taa za nje. Mdogo wangu alisema TV. Mimi nilisema simu zao zinazolala kwenye chaji. Wote tulikuwa tunasingizia wasiohusika. Taa ya LED ya wati 9 unaiwasha masaa 111 ndiyo inamaliza uniti moja, na uniti moja kwa tarifu yangu, ukiweka na makato, ni kama shilingi 357. Tulikuwa na balbu mbili tu za kizamani za wati 60, moja chooni na moja stoo. Tumezitoa, sawa, lakini hazikuwa ndizo zinazotuua.

Mchawi wa kwanza alikuwa friji. Tulikwenda harusini Magu, Jumamosi hadi Jumapili, nikazima kila kitu nikaacha friji peke yake. Natoka, mita inasoma 41.6. Narudi baada ya saa 24 kamili, 39.5. Uniti 2.1 kwa siku wakati hakuna hata mtu wa kuufungua mlango! Piga mara siku 30 unapata uniti 63, yaani zaidi ya 22,000, nusu ya Luku yangu. Ni friji la mtumba, nilijisifu sana siku nimelinunua kwa bei poa. Pima la kwako hivi: fungia noti ya 1,000 kwenye mlango halafu ivute. Ikitoka laini kama unaitoa mfukoni, mpira umechoka, baridi inavuja mchana na usiku. Langu lilikuwa hivyo, na juu ya hapo mgongo wake ulikuwa umegusa ukuta na jiko liko pembeni yake. Mpira mpya na ufundi 20,000, nikalivuta mbele, nikalitenga na jiko. Sasa linakula 1.3.

Wa pili ni hita ya ndoo. Kupasha ndoo moja ya lita 20 iwe ya kuogea ni karibu nusu uniti. Sisi tulikuwa tunapasha ndoo mbili kila alfajiri. Kwa mwezi ni uniti 28, kama 10,000, ya kumwagia mgongoni tu.

Sasa hapa mlima umetusaidia. Nyuma ya nyumba kuna jabali kubwa, lile ambalo mama watoto anaanikia nguo na majirani wanaanikia dagaa. Ukilikalia saa nane mchana unanyanyuka mwenyewe. Nikachukua madumu mawili ya mafuta ya kupikia ya lita 20, nikayapaka rangi nyeusi, nikayalaza juu ya jabali saa nne asubuhi. Saa kumi na moja jioni maji yanaogesha mtoto bila kuongeza kitu, na siku ya jua kali unachanganya na ya baridi. Ilibidi tubadilishe ratiba, watoto wanaoga jioni badala ya alfajiri. Mdogo wangu aligoma wiki moja, akazoea.

Ajali moja: wiki ya pili sikuweka kigingi. Dumu likapata moto, likatuna, likaanza safari. Lilishuka jabali zima, likaruka ukuta, likatua kwenye bati la jirani wa chini, mzee wa watu akiwa amelala. Nilifidia bati moja. Tangu hapo kila dumu lina jiwe mbele na jiwe nyuma.

Wa tatu ni mkaa, na hapa ndipo penye hela. Nyumba yetu maharage au makande ni siku nne kwa wiki. Kila chungu kilikuwa kinakula mkaa wa 2,000 au zaidi, maana unaanza saa nne na saa saba bado kuna ngumu. Tumefanya mambo mawili. Moja, kuloweka usiku kucha, na maji ya kulowekea tunayamwaga. Pili, tumenunua jiko la presha la umeme kwa 120,000. Nilidhani litatafuna Luku. Chungu cha makande hakifiki nusu uniti! Yaani shilingi 180 haziishi. Sababu ni kwamba likishapata presha linajizima na kujiwasha lenyewe, na mvuke hautoki, wakati sufuria juu ya mkaa inapasha jiko, ukuta na mpishi.

Ila nisiwadanganye, ugali halisongi. Ugali na samaki ni gesi, chapati na nyama ya Jumapili ni mkaa kwenye jiko banifu la udongo nililonunua 18,000. Gunia lililokuwa linaisha wiki nne sasa linafika wiki tisa.

Maji: nimefunga gata upande mmoja wa bati na mapipa mawili ya lita 200, yote 135,000. Hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Upande wangu una mita za mraba 24. Mvua ya milimita 25, ile ya saa moja ya vuli yenye ngurumo, inanipa lita 600 kabla ya zinazopotea. Mapipa yanajaa na mengine yanamwagika naangalia, roho inauma. Ya kwanza ya msimu tunaiacha ipite, ina vumbi na mavi ya kunguru. Maji haya ni ya kufulia, choo na kudekia, na ya kufulia yanafanya kazi mara ya pili chooni.

Novemba imekuwa hivi: mkaa 37,000, gesi 24,000, Luku 31,000, maji 22,000. Jumla 114,000. Tofauti 64,000. Nimetumia 293,000 kufika hapa, bila bati la jirani, kwa hiyo sijarudisha hela yote bado.

Naomba kuwasilisha. Mods msiuunganishe uzi.

#2 Mpangaji Chumba na Sebule

Mkuu uzi mzuri ila ni wa wenye nyumba. Sisi tunaokaa Mabatini wapangaji watano mita moja tunafanyaje? Nikileta hilo jiko la presha, hata likila shilingi 100, kikao kinaitwa usiku huohuo. Kuna dada hapa alinunua pasi mpya akaundiwa tume.

#3 Fundi wa Nyakato

Mimi ni fundi umeme, nachangia mawili.

La kwanza ni onyo. Hayo majiko ya presha ni kama wati 1,000. Soketi nzima ya ukutani inalibeba bila shida. Tatizo ni zile ekstensheni za 5,000 zenye waya mwembamba kama kamba ya kiatu, ambazo tayari zina friji, TV na redio. Nimeshaitwa nyumba mbili, plagi imeyeyuka imegandana na soketi. Na hita ya ndoo usiguse maji kupima joto ikiwa imechomekwa. Watu wanajua, halafu wanafanya.

La pili ni zuri zaidi. Hesabu zako nimezipiga: Luku 31,000 ukitoa 1,500 ya kodi ya jengo inabaki 29,500, gawanya kwa 357, uko kwenye uniti 83 hivi. Mkuu, umekaribia mlango na hujui! Kuna tarifu ya watumiaji wadogo wa majumbani, ambayo wengi wanaiita tarifu 4, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Humo uniti ni shilingi 100, ukiweka na makato kama 122. Uniti 75 zinakutoka 9,150. Ukizivuka, zinazozidi zinahesabiwa bei ya juu. Shuka uniti nane tu, kaa hapo miezi kadhaa, ndipo ukaombe, maana wanaangalia ulivyotumia huko nyuma.

#4 Baba Majabali

Fundi umeniamsha. Uniti nane! Friji bado linakula 39 kwa mwezi, nitamnyang'anya.

Mpangaji, tatizo lako nalijua, nimeishi nalo Igogo miaka minne. Fanya cha kwanza ambacho hakihitaji mita: loweka. Cha pili ni kikapu cha kuivishia, hicho waachie wazee waseme, mke wangu alijifunza kwa mama yake.

#5 Dagaa wa Mwaloni

Mwanangu mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho na miwani yangu. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nina miaka ya kutosha.

Huyo mpangaji nimjibu mimi. Tafuta kikapu kikubwa chenye mfuniko. Ndani tandika blanketi kuukuu, jaza na mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani, anakupa bure, bakiza shimo la kukaa sufuria. Maharage yalowekwe usiku. Yachemshe jikoni dakika 20 yatokote kwelikweli, mfuniko usifunguliwe, yaingize kwenye kikapu yakiwa yanatokota, funika na mto juu. Nenda kazini. Ukirudi yameiva, unayarudisha motoni kidogo kuunga. Lakini usiyaruke hayo ya kuchemsha vizuri mwanzo, hasa maharage mekundu, yatakuumiza tumbo. Na ukipika kidogo sana kwenye sufuria kubwa haiivi, sufuria ijae.

Wali hivyohivyo, ukianza kukauka unauingiza.

Halafu friji. Nyie vijana friji mnalijaza vitu ambavyo havikuomba baridi. Dagaa wakikaushwa vizuri kwenye chanja, siyo kwenye mchanga, wanakaa miezi. Majani ya kunde yanakaushwa yanakuwa nsansa. Viazi vitamu vinakaushwa, michembe na matobolwa, bibi zenu walivuka navyo kiangazi hakuna aliyekuwa na Luku.

#6 Baba Majabali

Shikamoo mama. Hilo la michembe umenigusa, mama mkwe hutuletea kiroba kutoka Misungwi na sisi tunaviweka kwenye friji!

#7 Karabai

Uzi unahusu nyumbani ila niwape la ziwani. Mimi ni wa dagaa, Igombe. Miaka ile tulikuwa tunatoka usiku wa giza na karabai nne, na kila moja ilikuwa inalamba lita moja na nusu ya mafuta ya taa. Ukikosa dagaa umekula hasara ya mafuta kabla ya chakula cha vijana. Kioo kikipasuka kwa mawimbi, hasara nyingine. Sasa ni taa za LED na betri, mchana tunachaji kwa sola pale mwaloni. Mbalamwezi ikiwaka tunapumzika, betri moja naileta nyumbani, inawasha taa na redio na kuchaji simu. Luku yangu ya mwezi mzima nawaonea aibu kuitaja.

Kosa nililofanya: betri ya kwanza nilinunua ya gari, iliyotumika. Ilikufa kabla ya mwaka. Betri ya gari imeumbwa kuwasha injini mara moja, siyo kutoa moto kidogokidogo usiku kucha.

#8 Mchambuzi wa Nyegezi

Niwe mbaya kidogo. Umelinganisha Juni, kiangazi, na Novemba, mvua. Maji lazima yashuke hata usingefunga gata. Pili, gesi nayo inachimbwa ardhini, usiiweke kwenye kundi la mazingira. Tatu, jua la Novemba lina mawingu, nina shaka na madumu yako.

#9 Baba Majabali

La kwanza umenikamata, nakubali. Julai mapipa yatakuwa matupu na mstari wa maji utapanda tena. Ule wa mkaa hautapanda, na ndio mkubwa.

La tatu pia uko sahihi nusu. Novemba siku kumi hivi tumetumia hita. Ndiyo maana sikuandika sifuri.

La pili nawaachia wengine.

#10 Ngosha wa Kisesa

Nalichukua. Gesi inachimbwa, ndiyo, lakini mkaa wetu unachimbwa juu ya ardhi na hauoti kwa kasi tunayoukata. Usukumani tunalijua hili kuliko wengi. Mababu walikuwa na ngitili, eneo la malisho na miti linalofungwa lipumzike. Miti ikaisha kote, ikabidi mwaka 1986 uje mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kule Shinyanga, na kilichofanya kazi ni kuzirudisha zile ngitili za wazee. Miti iliota kutoka kwenye visiki vyenyewe. Sasa Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania. Sawa. Lakini mama wa kijijini kwangu ananunua mkaa wa kopo kwa sababu ana shilingi 1,000 leo. Mtungi unataka 24,000 kwa mpigo. Hapo ndipo penye mjadala, siyo kwamba gesi ni safi au chafu.

#11 Mpangaji Chumba na Sebule

Mrejesho. Kikapu nimetengeneza, kiroba cha vitambaa nimepewa bure Makoroboi. Jaribio la kwanza nilifungua katikati kuchungulia, yakagoma. La pili sikuchungulia. Nimetoka kazini saa kumi na mbili nimekuta maharage laini na bado ya moto. Mkaa wa 600. Wabeja sana mama wa Mwaloni.

Swali: chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia mnazifanyaje?

#12 Baba Majabali

Nilijifanya mtaalamu nikazichanganya na udongo wa mfinyanzi, nusu kwa nusu, nikazifinyanga kama maandazi. Zilikauka zikawa nzuri hata kwa picha. Kuziwasha, moshi, na zikizima zinabaki na umbo lilelile, jiwe tupu la kijivu. Udongo ulizidi sana. Mara ya pili nikatumia uji mzito wa unga wa muhogo, udongo kiganja kimoja tu kwa ndoo. Zinawaka polepole, zinafaa kuchemshia kitu cha muda mrefu, chai ya haraka hapana. Zikauke siku nne juani kwanza, za siku mbili zinakutoa machozi.

#13 Dagaa wa Mwaloni

Na jivu mnamwaga? Jivu linasugua sufuria kuliko hizo sabuni zenu.

#14 Fundi wa Nyakato

Mleta uzi, mwezi umeisha. Uniti?

#15 Baba Majabali

Michembe na dagaa vimetoka kwenye friji, nimeshusha kitasa cha baridi namba moja chini, pasi ni Jumapili tu nguo zote kwa mpigo. Hita nimempa mdogo wangu aifungie kabatini kwake.

Uniti 77.

#16 Fundi wa Nyakato

Mbili!

#17 Baba Majabali

Mbili, fundi. Sikukuu wageni walikuja, wakakuta maji ya jabali ni ya mchana tu, shemeji akaulizia hita iko wapi. Ningesemaje.